Stima ya Betri na Pumzi ya Mke Wangu

Sifa zote kwa Mungu Baba, aliyempulizia mwanadamu pumzi puani bila kudai waya wala nguzo. Namshukuru kwa asubuhi za baridi za kwetu Kibirichia, upande wa Meru, hata zile za ukungu ambazo mtu hamwoni ng'ombe wake mwenyewe mpaka amguse. Namshukuru kwa viazi, kwa kuni kavu, na kwa mke aliyenivumilia tangu tulipofunga ndoa. Mimi nimekuwa katekista maisha yangu yote ya utu uzima, na nimewafundisha watu wengi habari za subira. Haya ninayoyaeleza yalinionyesha kwamba kuifundisha ni kazi rahisi.

Mke wangu ana pumu. Alizaliwa Kanja, upande wa Embu, na ndugu zake wanashikilia kwamba kule hakukohoa hata mara moja. Mimi nimemwona akikohoa kule kwao, tena sana, lakini mkwe habishani. Kila nikienda, shemeji yangu mkubwa hunikaribisha kwa maneno yale yale: "Huyu ndiye aliyemchukua dada yetu akamweka kwenye friji." Watu wote wanacheka, nami nacheka pamoja nao, kisha napewa chai.

Ugonjwa ulipozidi, daktari alituandikia mashine ya kupumulia. Ni kisanduku kidogo chenye mota ndani, mrija, na kifuniko cha kuvaa mdomoni na puani. Unamimina dawa ya maji, mota inaipuliza, dawa inakuwa mvuke, mgonjwa anauvuta kifua kinafunguka. Wakati huo nguzo za umeme zilikuwa zimefika kwenye mtaa wetu si muda mrefu, na tulikuwa tumetoa misa ya shukrani kwa ajili yake. Mashine ikafanya kazi vizuri sana. Kisha radi ikapiga transfoma pale njia panda, tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri. Tulisubiri mpaka buibui wakajenga ndani ya soketi.

Tulikuwa na sola ndogo juu ya paa na betri chini ya meza, mali ya zamani, ya kuwashia taa na redio. Mimi nilidhani stima ni stima. Nilichukua ile mashine, nikaipeleka kwenye betri, nikasimama pale na plagi yenye meno matatu mkononi mbele ya kitu chenye vichwa viwili vya risasi. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani akinitazama.

"Sasa utaichomeka wapi?" akaniuliza.

"Nafikiria."

"Fikiria haraka kidogo, Katekista."

Ananiita Katekista akitaka kunichokoza. Siku nyingine zote mimi ni Baba.

Watu waliniambia ninahitaji inveta, kile kifaa cha kuigeuza stima ya betri ikafanana na ya nguzo. Nilikuwa na safari ya Kanja kwa mazishi, kwa hiyo niliporudi nilipitia mjini Embu nikaingia duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, mwenye maneno mengi.

"Mzee, chukua hii. Hii inawasha mpaka televisheni."

"Sina televisheni. Nina mgonjwa."

"Basi hata mgonjwa itamwasha!"

Ningetoka dukani pale pale. Lakini nilikuwa nimechoka, na gari la Meru lilikuwa linajaza, nikalipa.

Nyumbani nilifunga waya mwekundu kwenye kichwa chekundu na mweusi kwenye cheusi, taa ya kijani ikawaka, nikamwambia mke wangu tushukuru. Tukashukuru. Nikawasha mashine. Ikanguruma kama mtu anayesaga mawe. Ilitetemeka mezani mpaka ikaanza kutembea yenyewe kuelekea ukingoni, mvuke ukatoka kidogo kidogo kama wa chai iliyopoa, na baada ya muda nikasikia harufu ya plastiki ikiungua. Mke wangu akavua kifuniko.

"Hii imekuja kuniponya au kunikausha?"

Nikaizima. Asubuhi yake nikashuka Meru mjini kwa fundi mmoja wa redio ninayemfahamu, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya soko. Nikaiweka inveta juu ya meza, nikamweleza yote. Alicheka kwanza. Mafundi wanapenda kucheka kabla ya kusema.

"Katekista, wewe uliwahi kupasua mbao msituni?"

"Kwa msumeno wa watu wawili. Nikiwa kijana."

"Basi unaielewa stima ya nguzo. Inaenda na kurudi, inaenda na kurudi, kama ule msumeno. Stima ya betri haifanyi hivyo. Ile ni kama maji ya mfereji shambani. Inatoka hapa inaenda pale, basi. Sasa inveta kazi yake ni kuchukua maji ya mfereji na kuyafanya yaende na kurudi."

"Na hii yangu haifanyi?"

"Inafanya, lakini vibaya. Inasukuma kwa nguvu, inasimama, inavuta kwa nguvu, inasimama. Wewe ukipasua mbao na mtu wa namna hiyo utafika jioni na mikono?"

"Tutapigana kabla ya saa sita."

"Hivyo ndivyo mota ya mama inapigana na hii kitu. Taa haijali. Redio inanung'unika tu. Lakini mota inataka mtu wa kuvuta taratibu. Tafuta inveta ya wimbi laini."

Hiyo ya wimbi laini ilikuwa ghali kuliko ng'ombe wangu alivyokuwa akionekana machoni pa wanunuzi. Nikaona ni haki kwanza nirudishe ile ya Embu. Nilipanda gari, nikakaa njia nzima nikisali nisije nikasema neno baya, nikaingia dukani. Yule kijana alinitazama kana kwamba hajaniona tangu azaliwe. Nikamkumbusha habari ya mgonjwa.

"Aa, mzee," akasema, na akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyekosewa. "Ulisema una mgonjwa. Hukusema mgonjwa anatumia mota."

Nilitoka nje bila pesa zangu, nikasimama kando ya barabara mpaka hasira ikashuka. Ilishuka polepole sana.

Mwishowe Mungu alinijalia, nikauza fahali, nikapata ile nzuri. Siku ya kuiwasha, mashine iliimba kwa sauti ya chini kama nyuki walio mbali, mvuke ukajaa kifuniko chote, na mke wangu akafumba macho. Niliketi karibu naye nikasikiliza kifua chake kikifunguka. Mtu ambaye hajawahi kuishi na mwenye pumu hajui kwamba pumzi ina sauti nyingi, na kwamba nzuri kuliko zote ni ile isiyosikika kabisa. Nikadhani shida imekwisha.

Ndipo zilipokuja simu.

Kwetu, tangu zamani za mama zetu, jirani akizimikiwa na moto anakuja kwako na kigae au kipande cha bati, anaondoka na makaa. Haulizwi kwa nini hakufunika wake vizuri usiku. Haambiwi kuni ni ghali. Mwanamke anayemnyima mwenzake moto anasemwa mpaka na watoto wa shule. Sasa mke wangu alikuwa amelelewa katika adabu hiyo. Jirani wa kwanza alipokuja na simu iliyozimika na chaja mkononi, transfoma ikiwa bado imekufa, mke wangu hakuona simu. Aliona mtu anayeomba moto. Akamwonyesha soketi ya inveta. Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa nikirudi kutoka shambani nakuta simu zimelala juu ya meza yangu kama samaki sokoni, kila moja na mkia wake.

"Mama, hii stima ni ya dawa yako," nilimwambia.

"Ni simu tu, Baba. Zinakula nini?"

Nikamweleza zinakula nini, kwa sababu nilikuwa nimerudi kwa fundi kumwuliza. Simu yenyewe ndani ina betri. Inataka ile ile stima ya mfereji, inayokwenda upande mmoja. Kwa hiyo sisi tunachukua stima iliyonyooka kutoka kwenye betri kubwa, tunaipitisha kwenye inveta ili iende na kurudi, kisha chaja ya jirani inaipokea na kazi yake ya kwanza ni kuinyoosha tena kama ilivyokuwa! Na kila inapogeuzwa, sehemu yake inapotea ikawa joto. Nilimshika mke wangu mkono nikauweka juu ya inveta: ya moto. Nikauweka juu ya chaja: ya moto.

"Joto hilo lote," nikamwambia, "ni pumzi yako."

Aliondoa mkono. "Basi niwanyime?"

"Sijasema uwanyime. Nimesema..." 

Nilijaribu kuwaeleza majirani wenyewe. Kuna mama mmoja anayeishi chini yetu, mjane, mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri. Nilimsimamisha mlangoni nikamfundisha habari ya kugeuza na kugeuza tena kama ninavyofundisha watoto Amri za Mungu. Alisikiliza yote kwa heshima, mikono ikiwa nyuma.

"Umesema vizuri, Katekista," akasema. "Lakini simu yangu haijui hayo mambo. Inajua kujaa tu." Akapita ubavuni mwangu akaingia ndani.

Mkuu wa kwaya alikuja na pasi. Namaanisha pasi ya nguo, ile ya umeme, ameibeba kwenye kitambaa kama mtoto, kwa kuwa Jumapili kulikuwa na askofu na kanzu za kwaya zilikuwa zimekunjamana. Nilimwambia pasi ile ingemaliza betri kabla hajamaliza kola moja. Akanijibu kwamba ni kwa utukufu wa Mungu. Nilimpa makaa na pasi yetu ya mkaa.

Ukafika mwezi wa saba. Wasomaji wa huku kwetu Buuri wanaujua. Wengine niwaambie kwamba mwezi wa saba kwetu jua ni kitu cha kusikia kutoka kwa wasafiri. Ukungu unalala juu ya viazi mpaka adhuhuri, na sola inakaa juu ya paa bila kazi kama sahani iliyosahauliwa nje. Betri ilikuwa ikipokea kidogo na kutoa kingi. Na baridi hiyo hiyo ndiyo inayombana mke wangu. Alikuwa akitumia mashine asubuhi na jioni.

Alasiri moja ilikuwa zamu yetu kuipokea jumuiya yetu ndogo ya kanisa. Tunasali rozari kwa kuzunguka, nyumba kwa nyumba, na siku hiyo wanawake walikubaliana kwamba nia ya sala itakuwa afya ya mke wangu. Nilifurahi. Nilikwenda kupasua kuni za chai. Niliporudi sebuleni wote walikuwa wamepiga magoti tayari, rozari mikononi, na chini ya meza, kwenye waya mrefu wa soketi nyingi ambao mmoja wao alikuwa amejiletea, zilikuwa simu zao zote. Walikuja kumwombea pumzi, na walikuwa wakiinywa huku wakiomba.

Ningesema neno. Lakini Salamu Maria ilikuwa imeshaanza, na katekista hakatizi rozari. Nilipiga magoti nikasali nikitazama chini ya meza, na sitadai kwamba sala yangu ilikuwa safi.

Katikati ya fungu la tatu inveta ikaanza kulia. Ina sauti kali ya kukatika-katika inayotoka betri inapokaribia kuisha. Yule mjane akageuza kichwa akawatazama wenzake kwa hasira.

"Nani hajazima simu yake?" akanong'ona.

 Inveta ikalia tena, kisha ikanyamaza kabisa, na taa ya kijani ikazimika. Wakaendelea kusali. Ni mimi peke yangu niliyejua nini kimetokea. Na pale jikoni, zile kuni nilizopasua zilikuwa mbichi, moshi ukaanza kuingia sebuleni kwa chini ya mlango.

Mke wangu alikohoa mara ya kwanza, akajizuia kwa ajili ya heshima ya sala. Alikohoa tena. Kisha nikasikia ule mlio mwembamba, kama filimbi iliyozibwa, na mabega yake yakaanza kupanda juu kila alipovuta hewa. Alivuta pampu ndogo ya dawa anayotembea nayo mfukoni, haikumsaidia. Tulimketisha kitandani. Nilimimina dawa kwenye kikombe cha mashine, nikabonyeza kitufe, na mashine ikakaa kimya kama jiwe. Nilibonyeza tena kana kwamba haikunisikia.

"Ng'oeni hizo simu!" nikapaza sauti. Sijawahi kuwapazia sauti wanawake wa jumuiya kabla au baada ya siku ile. Walizing'oa wote kwa pamoja, lakini betri iliyokwisha haijazwi kwa kung'oa. Hospitali ilikuwa mbali, na barabara ilikuwa tope. Midomo ya mke wangu ilianza kubadilika rangi.

Yule mjane alikuwa ameshatoka mbio. Chini barabarani, kwenye shamba la jirani, kulikuwa na lori likipakia viazi, la mchukuzi mmoja Mwislamu wa Meru mjini anayenunua kwetu kila msimu. Nilisikia injini ikinguruma, kisha nikasikia ua wangu ukivunjika. Mchukuzi aliliingiza lori kinyumenyume juu ya matuta ya viazi mpaka kwenye dirisha la chumba cha kulala, akashuka na nyaya nene za kuamshia magari.

"Mzee wangu, iko wapi hiyo inveta?"

Niliitoa kupitia dirishani. Nilikuwa nimeshika ncha za waya, nataka kuziunga popote penye chuma, akanishika mkono.

"Ngoja, ngoja! Lori lina betri mbili zimeungana. Ukiunga zote utaichoma, na ukiichoma tumekwisha. Tunachukua moja tu. Shika hapa. Bismillahi."

"Kwa jina la Baba," nikasema mimi.

Akaunga. Taa ya kijani ikawaka. Nilirudi ndani nikabonyeza kitufe, na wale nyuki wa mbali wakaanza kuimba, na mvuke ukapanda. Yule mjane alimshikilia mke wangu mgongoni, wengine walifungua milango moshi utoke, na nje injini iliendelea kunguruma. Ilichukua muda mrefu. Kwanza mabega yakaacha kupanda. Kisha filimbi ikashuka, ikashuka, ikaisha. Mke wangu alifungua macho akawatazama wale wanawake waliojaa chumbani, akasogeza kifuniko kidogo.

"Mlifika fungu la ngapi?" akauliza.

Wakalia wote. Hata mchukuzi, kule dirishani, alijipangusa uso kwa kofia yake.

Jioni, watu walipoondoka, nilimwambia mke wangu kwamba nitaifungia inveta kwenye kasha lenye kufuli, na kwamba mtu yeyote akija na chaja nitamjibu mimi mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ukiwafukuza," akasema, "siku nikibanwa na wewe uko Kanja, nani atakimbia barabarani?"

Nikaanza kukunja waya wa inveta. 

"Lakini inveta ni yangu," akaendelea. "Hilo nitawaambia mimi. Wewe watafutie stima nyingine."

Kwa hiyo nilimrudia fundi kwa mara nyingine, nikiwa nimechoka kumwona kama yeye alivyochoka kuniona. Nikamwuliza kama kuna njia ya kuijaza simu bila kwenda na kurudi. Akanionyesha ile soketi ndogo inayotumika ndani ya magari. Inachukua stima ya betri ikiwa imenyooka, inaipunguza tu, inaipa simu ikiwa bado imenyooka. Haipiti inveta. Niliuliza kwa nini hakuniambia hivyo tangu mwanzo. Akasema sikuuliza. Nikatoka nje ya kibanda, nikasimama kando, kama nilivyosimama Embu.

Mchukuzi alituletea betri kuukuu, ambayo haikuweza tena kuamsha lori lakini kwa simu ilitosha kabisa. Jumuiya wakachanga wakanunua sola ndogo. Tuliiweka yote chini ya upenu wa ghala, nje, mbali na ile ya mke wangu. Akina mama waliambiwa na mke wangu mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni na shuka mabegani: huku nje ni moto wa kila mtu, ule wa ndani ni kifua changu. Walielewa mara moja. Mimi nilikuwa nimewaeleza kwa majuma mengi.

Sasa transfoma imerudi, imeharibika tena, na imerudi tena. Bado wanakuja. Ninapoandika haya, mke wangu amevaa kifuniko chumba cha pili, mashine inaimba, na nje wanawake wawili wanagombana ni simu ya nani iliyotangulia. Nilikuwa karibu kuinuka niwanyamazishe. Yeye ameshatangulia, amewapigia kelele kupitia ule mvuke, neno zima bila kukata pumzi katikati, na wametulia.

Wewe unayesoma, Mungu akufungulie kifua wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Akupe majirani wa kukusumbua na miguu yao ya kukimbia kwa ajili yako. Na uendapo dukani, Bwana akujalie uulize maswali yote kabla hujalipa. Amina.